Makato ya chama: Kujitoa ni haki, lakini jua unachojitoa

SOKO la Isongole, kando ya barabara kuu ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, linajulikana zaidi kwa viazi mviringo. Lakini wenye maduka, mabucha na vibanda vya chakula wanafahamu kwamba fedha ya viazi huja kwa msimu, na bei ikianguka fedha hiyo hupungua. Fedha inayokuja kila mwezi bila kutegemea mvua wala bei ya Dar es Salaam ni mishahara ya watumishi wa umma: walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji na maofisa ugani. Kwa sababu hiyo, kinachokatwa kwenye hati ya mshahara kabla fedha haijafika sokoni ni habari ya soko kama ilivyo bei ya gunia.

Katika makato hayo limo moja ambalo kwa miaka mingi limezua mjadala katika vyumba vya walimu na katika ofisi za halmashauri nchini. Ni ada ya chama cha wafanyakazi. Wapo watumishi wanaosema wamechoka kukatwa na wanataka kujitoa. Wiki hii ukurasa huu unaeleza sheria inasema nini, hesabu ikoje, na kwa nini mtumishi anaweza kuandika barua ya kujitoa na bado akaendelea kukatwa.

Hesabu ya hati ya mshahara

Tuchukue mfano wa mtumishi mwenye mshahara wa Sh. 1,000,000 kwa mwezi ambaye alisomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu. Mfuko wa hifadhi ya jamii (PSSSF) unachukua asilimia 5, yaani Sh. 50,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani Sh. 30,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani Sh. 150,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii, inafikia Sh. 115,500. Mwisho ni ada ya chama. Kwa walimu walio chini ya Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kiwango ni asilimia 2, yaani Sh. 20,000.

Jumla ya makato ni Sh. 365,500, na mtumishi anabaki na Sh. 634,500 kabla ya mikopo ya benki na SACCOS. Msomaji ataona kwamba ada ya chama ndiyo ndogo kuliko yote. Hata hivyo ndiyo inayolalamikiwa sana. Sababu ni rahisi. Kodi, hifadhi ya jamii, bima na mkopo wa elimu ni makato ya lazima ambayo mtumishi hawezi kuyafuta. Ada ya chama ndiyo pekee ambayo sheria inasema ikatwe kwa idhini yake, na idhini hiyo anaweza kuiondoa.

Aidha, kiwango cha asilimia kina tabia yake. Mei Mosi ya 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kwa mtumishi wa kima hicho anayekatwa asilimia 2, ada ilipanda kutoka Sh. 7,400 hadi Sh. 10,000 bila kikao chochote kukaa. Kwa mkulima wa viazi, hii inafanana na ushuru unaotozwa kwa asilimia ya bei badala ya kwa gunia: bei ikipanda, ushuru nao unapanda wenyewe.

Sheria inasema nini

Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inaeleza utaratibu wa makato katika kifungu cha 61. Mwajiri atakata ada ya chama kilichosajiliwa iwapo mfanyakazi mwenyewe amemruhusu kwa kujaza fomu iliyowekwa na sheria. Fedha hizo zifike kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi.

Kifungu hicho hicho kinaeleza namna ya kujitoa. Mfanyakazi anatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, nakala moja kwa mwajiri na nyingine kwa chama. Notisi ikiisha, mwajiri anatakiwa kuacha kukata. Kwa mwalimu au muuguzi aliye Isongole mwajiri ni halmashauri ya wilaya, hivyo barua inakwenda kwa mkurugenzi kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Anayelalamika kwa mdomo tu, au anayemwambia katibu wa tawi bila kumwandikia mwajiri, bado hajajitoa kwa mujibu wa sheria.

Ada ya uwakala

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Sheria hiyo ya 2004, katika kifungu cha 72, inaruhusu utaratibu unaojulikana kama ada ya uwakala. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika hutambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi hilo katika majadiliano na mwajiri. Chama hicho na mwajiri wanaweza kukubaliana kwa mkataba kwamba wasio wanachama nao wakatwe, kwa kuwa nao wanafaidi kinachopatikana.

Maana yake ni kwamba kujitoa uanachama na kusimamisha makato ni mambo mawili tofauti. Pale ambapo mkataba wa uwakala upo, mtumishi anayejitoa anaweza kuendelea kukatwa kiasi kile kile, ila sasa hana kura ya kumchagua wala kumwondoa kiongozi. Anakuwa mlipaji asiye na sauti.

Sheria hata hivyo imeweka mipaka. Asiye mwanachama halazimishwi kuwa mwanachama. Ada anayokatwa isizidi ile ya mwanachama. Fedha ziwekwe katika akaunti ya peke yake na zitumike tu kuendeleza au kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo. Hairuhusiwi kuzitumia kuchangia chama cha siasa wala mgombea wa nafasi ya siasa. Na chama kikipoteza wingi wake, mwajiri anakipa notisi ya miezi mitatu ya kuurejesha, vinginevyo mkataba unakwisha.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtumishi anayetaka kujitoa liwe hili: je, hapa kwetu mkataba wa uwakala upo, na chama kinachokata bado kina wingi? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama barua itaokoa Sh. 20,000 au itafuta jina tu kwenye daftari la tawi.

Nani analipa, nani anafaidi

Watetezi wa ada ya uwakala wana hoja isiyopuuzwa. Wenye mashamba kando ya njia moja wanapochanga kuitengeneza baada ya mvua, lori litakalokuja kuchukua viazi halimuulizi mwenye gunia kama alichanga. Atakayekaa nyumbani atauza kwa bei ile ile ya aliyetoa fedha. Wakiona hivyo, mwaka unaofuata wengi watakaa nyumbani, na njia itafungwa.

Ndivyo ilivyo kwa mishahara. Nyongeza ya 2025, kama ile ya 2022 iliyopandisha kima cha chini kutoka Sh. 300,000 hadi Sh. 370,000, ilimfikia mwanachama na asiye mwanachama sawa.

Lakini wanaopinga nao wana hoja. Wanauliza ni kiasi gani cha nyongeza hiyo kimetokana na jasho la chama na kiasi gani ni uamuzi wa Serikali. Wanakumbusha pia kwamba mgomo, ambao ndio silaha kuu ya chama, ni mgumu kutumika katika utumishi wa umma. Walimu waliogoma kuanzia Julai 30, 2012 walirejea kazini baada ya Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuamuru Agosti 2 mwaka huo mgomo usitishwe.

Waliojitoa Kenya na Marekani

Kujitoa kwa wengi kwa pamoja kuna matokeo yake, na jirani zetu wameyaona. Nchini Kenya, chama kikongwe cha walimu, KNUT, kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000 katikati ya 2019. Mwaka huo kilivutana mahakamani na Tume ya Utumishi wa Walimu kuhusu utaratibu wa kupandisha vyeo. Baada ya hukumu ya Julai, Tume iliwaacha wanachama wa KNUT nje ya nyongeza ya mshahara waliyopewa walimu wengine. Walimu walipiga hesabu, wakaandika barua za kujitoa kwa makumi ya maelfu. Katika miaka miwili chama kilibaki na sehemu ndogo tu ya wanachama wake, na mapato yake yakaanguka kiasi cha kushindwa kuendesha ofisi. Katibu Mkuu wake, Wilson Sossion, alijiuzulu Juni 2021. Mwezi uliofuata vyama vya walimu vilitia saini mkataba mpya usio na nyongeza ya mshahara. Si haki kusema kudhoofika kwa KNUT ndiko pekee kulikoleta mkataba huo, kwani uchumi ulikuwa umeumizwa na korona. Lakini chama kilichokosa fedha hakikuwa na nguvu za kubishana.

Marekani ilichukua njia nyingine. Juni 27, 2018, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Mark Janus, mtumishi wa jimbo la Illinois, kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama asikatwe ada yoyote bila ridhaa yake. Uamuzi huo ulifuta ule wa 1977 uliokuwa ukiruhusu ada inayofanana na hii ya uwakala. Tangu hapo vyama vya watumishi wa umma kule havina budi kumshawishi kila mtumishi mmoja mmoja.

Ada si akiba

Kwa msomaji mfanyabiashara ipo hoja nyingine ambayo haisemwi sana. Sh. 20,000 kwa mwezi ni Sh. 240,000 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni Sh. 4,800,000. Anayejitoa katika SACCOS huondoka na akiba yake. Anayejitoa katika chama cha wafanyakazi haondoki na kitu. Chama kinaweza kuwa na majengo na vitega uchumi, kama CWT yenye jengo la Mwalimu House huko Ilala, lakini mwanachama si mwanahisa wa jengo hilo. Alicholipia ni huduma: kuwakilishwa kwenye majadiliano, kutetewa anapopelekwa kwenye nidhamu, na mafao mengine ambayo chama chake kimejiwekea.

Kwa hiyo ada ipimwe kama huduma yoyote inayonunuliwa. Kama watumishi 20 tu wanakatwa Sh. 20,000 kila mmoja, Sh. 400,000 zinaondoka Isongole kila mwezi. Ni haki ya anayelipa kuuliza zimerudi kwa njia gani.

Sheria inampa nafasi ya kuuliza. Kila chama kilichosajiliwa kinatakiwa kutengeneza hesabu za kila mwaka, zikaguliwe, zifikishwe kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao na kwa Msajili, na ziwepo ofisini mwanachama azikague. Ni wachache wanaoitumia nafasi hii, na haki ya kukagua ni ya mwanachama. Aliyejitoa kwa hasira ameiacha mlangoni.

Mtumishi anayefikiria kuandika barua na afuate mpangilio huu. Kwanza, athibitishe kwenye hati ya mshahara ni chama gani kinamkata, na kama alijaza fomu ya kukiruhusu. Pili, aulize kwa maandishi kama mkataba wa uwakala upo na aombe kuuona. Tatu, adai hesabu zilizokaguliwa akiwa bado mwanachama. Nne, akiamua kujitoa, atoe notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Notisi ikiisha, aangalie hati ya mwezi unaofuata. Makato yakiendelea bila mkataba wa uwakala, atakuwa na nakala hiyo ya kumwonyesha mkurugenzi, na ikibidi, ya kufungulia shauri.