'Ji' ya Kiswahili si kila mara 'self' ya Kiingereza

WAZIRI anapoachia madaraka, magazeti ya Kiswahili huandika kuwa amejiuzulu. Mfasiri anayefuata silabi kwa silabi huweza kuipeleka habari hiyo kwa Kiingereza kwa kuandika "The minister resigned himself". Sentensi hiyo haina habari ya kujiuzulu. Neno "resign" linapofuatwa na "himself" huwa na maana ya kulikubali jambo kwa shingo upande, baada ya mtu kuona kuwa hana la kufanya. Aliyeachia ngazi "resigned", basi.

Kosa la namna hiyo huzaliwa na dhana kwamba kila kitenzi chenye kiambishi "ji" kwa Kiswahili kina mwenzake mwenye "self" kwa Kiingereza. Lugha hizi mbili zina njia ya kusema kuwa mtenda ndiye huyo huyo anayetendwa, lakini haziitumii mahali pamoja.

Katika Kiswahili kiambishi "ji" hukaa ndani ya kitenzi, mahali pale pale pa kiambishi cha anayetendwa. "Alimkata" ni watu wawili. "Alijikata" ni mtu mmoja. Kiambishi hicho hakibadiliki: nilijikata, tulijikata, walijikata. Kiingereza hutumia neno linalosimama peke yake baada ya kitenzi, nalo hubadilika kumfuata mtenda: "I cut myself", "she cut herself", "we cut ourselves", "they cut themselves".

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Neno "you" la Kiingereza sanifu halionyeshi kama anayeambiwa ni mmoja au ni wengi. Neno la kujirejea huonyesha. Anayemwambia mgeni mmoja ajitambulishe husema "Introduce yourself". Anayeliambia kundi zima lijitambulishe husema "Introduce yourselves".

Umbo la maneno haya nalo hutega. Kwa kuwa husemwa "myself" na "yourself", mwanafunzi hudhani ni sawa kusema "hisself" na "theirselves". Maumbo hayo husikika katika baadhi ya lahaja, lakini Kiingereza sanifu hutaka "himself" na "themselves".

Vitenzi visivyotaka 'self'

Orodha ya vitenzi vya Kiswahili vyenye "ji" ambavyo Kiingereza huvisema bila "self" ni ndefu. Kujiunga na chama ni "to join". Kujiandikisha kupiga kura ni "to register". Kujitolea ni "to volunteer". Mama aliyejifungua "gave birth". Akisemwa kuwa "opened herself", msikilizaji Mwingereza hataelewa kilichotokea.

Kujifunza ni mfano wenye mafunzo zaidi. Kufunza ni kumpa mtu elimu, na kujifunza ni kujipa elimu hiyo. Kiingereza kina neno zima kwa jambo hilo, "to learn", wala halihitaji nyongeza. Anayejifunza Kiingereza husema "I am learning English". Akisema "I am teaching myself English", sentensi ni sahihi, lakini ameongeza habari: anajifunza bila mwalimu.

Kujisikia nako kuna mtego. "Najisikia vizuri" ni "I feel well". Hata hivyo, Mwingereza huweza kusema "I am not feeling myself today", akiwa na maana kwamba siku hiyo hayuko katika hali yake ya kawaida. Huo ni msemo, nao haugeuzwi neno kwa neno.

Kwa kazi za kila siku za mwili, kama kuoga, kunyoa ndevu na kuvaa, Kiingereza hupenda kitenzi kitupu: "He washed, shaved and dressed". Neno "himself" huongezwa pale tendo linapokuwa na ugumu unaostahili kutajwa. "He can dress himself now" hufaa kwa mgonjwa anayepata nafuu ambaye sasa anaweza kuvaa bila msaada.

Pale linapohitajika

Upande wa pili kuna vitenzi ambavyo sentensi hupwaya neno hilo likiachwa. Mgeni aliyefurahia sherehe husema "I enjoyed myself" au "I enjoyed the party". "I enjoyed" pekee humwacha msikilizaji akingoja kusikia ni nini kilichofurahiwa. Mtumishi asiyefika kazini kwa kukusudia "absented himself from work". Mwenyeji anayemkaribisha mgeni ajipakulie chakula husema "Help yourself", maneno yasiyohusiana na mtu kujisaidia kwa maana inayojulikana kwa Kiswahili.

Tofauti nyingine nzito ni kati ya kujitenda na kutendana. Kiswahili huitenganisha waziwazi: walijilaumu, walilaumiana. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "they blamed themselves" na ya pili ni "they blamed each other". Katika maelezo ya polisi au ushahidi wa mahakamani, kuchanganya mawili hayo si kosa dogo. "They injured themselves" huonyesha watu waliojijeruhi. "They injured each other" huonyesha ugomvi wenye pande mbili.

Neno hilo hilo hufanya pia kazi ya "mwenyewe". "The director himself signed the letter" ni kusema mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyetia saini. Kipimo chake ni rahisi: likiondolewa, sentensi hubaki imesimama na hupungukiwa na mkazo tu. Likitanguliwa na "by", maana huwa peke yake: "She lives by herself".

Barua za ofisini zina ugonjwa wao. Wapo wanaoandika "Please contact the secretary or myself" wakidhani "me" haina heshima. Miongozo mingi ya uandishi hulikataa umbo hilo, kwa sababu anayeombwa kuwasiliana ni msomaji, wala si mwandishi. Hakuna mtu anayejirejea hapo. "Please contact the secretary or me" ni sahihi, na heshima imo katika "please".

Mahali zinapokutana

Lugha hizi husogeleana zaidi katika majina. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, neno la pili lilifahamika kwa Kiingereza kuwa "self-reliance". Kujitawala ni "self-government", kujihami ni "self-defence" na kujiajiri ni "self-employment". Hapo "self" hutangulia kama "ji" inavyotangulia. Huenda ndiyo sababu wengi huamini kuwa mambo huwa hivyo hivyo hata katika vitenzi.

Njia ya salama ni kuijifunza sentensi ya Kiingereza ikiwa nzima, pamoja na kitenzi na kinachokifuata, badala ya kuipima kwa "ji". Atakayeulizwa katika usaili wa kazi "Tell us about yourself" akajibu "I taught myself accounting" amesema kuwa aliisoma hesabu bila mwalimu. Akiwa alisoma chuoni na ana cheti, jibu lake ni "I studied accounting", la sivyo atakuwa amekificha cheti chake kwa neno moja.