Sura ya Tisa: Pipa la Matajiri Watano

Tuseme matajiri watano wanakaa Wawi, Pemba, na vyombo vyao hutia nanga Wesha. Wamechoka kununua oili ya mashine kwa chupa katika maduka ya Chake Chake. Kila chupa imebeba gharama ya plastiki, nauli ya kuvuka bahari, faida ya muuza jumla na faida ya muuza rejareja. Basi wanashauriana wachangishane, waagize pipa. Watu wengi hapo huuliza bei ya pipa kwanza. Mimi ningeuliza litachukua siku ngapi kwisha, na litangojea wapi.

Hesabu yake ni rahisi. Mashine nyingi za stroki mbili zinazofungwa nyuma ya boti hutaka petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, yaani mililita 400 za oili katika dumu la lita 20. Mashine mpya, katika saa zake za mwanzo, huhitaji oili zaidi, na kitabu chake ndicho kinachosema kiasi gani. Pipa la kawaida lina lita 208, kwa hiyo linatosha lita 10,400 za petroli. Boti inayochoma lita 40 kwa siku hula mililita 800 za oili, na pipa zima litaiendesha siku 260 za kazi. Ila hakuna chombo kinachotoka kila siku. Kuna kusi, kuna mbaamwezi kwa wanaovua kwa taa, kuna Ijumaa, kuna misiba, kuna siku ambayo fundi amekwenda na kabureta na hapokei simu. Ukipata siku 16 za kutoka kwa mwezi, pipa litakaa na wewe mwaka na miezi minne. Boti tano zitalimaliza katika miezi mitatu na siku chache. Kwa hiyo tajiri mmoja mwenye boti moja na aendelee na ndoo ya lita 20. Pipa ni la watu waliochanga.

Kabla ya kulipa, hakikisheni ni oili gani hasa. Mashine ya stroki mbili haina bakuli la kuwekea oili. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha beringi, pistoni na ringi, kisha huungua na kutoka na moshi. Kwa hiyo lazima iungue bila kuacha jivu. Alama ya oili ya namna hiyo ni TC-W3, kiwango cha chama cha watengenezaji wa vyombo vya baharini cha Marekani, NMMA. Oili za pikipiki za stroki mbili kwa kawaida huwa na viungo vya madini vinavyoacha jivu. Pikipiki hupozwa kwa upepo na huendeshwa kwa kupandisha na kushusha moto. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, kisha hukaa saa nzima moto umefunguliwa wote kutoka Wesha hadi nyuma ya Misali. Jivu likijikusanya juu ya pistoni na kwenye plagi, mchanganyiko huanza kuwaka kabla ya wakati wake, na pistoni hutoboka. Oili ya gari ndiyo mbaya zaidi, maana haikutengenezwa kuungua kabisa.

Maneno yaliyochapishwa juu ya pipa yasomwe kwa makini. Kuandika kwamba oili "inakidhi" TC-W3 ni jambo moja, na kusajiliwa ni jingine. Iliyosajiliwa huwa na namba inayoanza na herufi RL. Atakayekosea chupa amepoteza lita moja. Atakayekosea pipa atatafuta wa kumuuzia lita 208, na hatampata.

Wenye mashine za stroki nne habari yao ni tofauti. Oili yao ni FC-W, hukaa ndani ya mashine na hubadilishwa takriban kila saa 100, lita chache tu kila mara. Hao pipa haliwahusu, hata wakiwa watano. Oili ya gia nayo inunuliwe kidogo kidogo. Ukiifungua ukaiona nyeupe kama tui, maji yameshaingia na sili inataka kubadilishwa.

Jambo jingine la dukani: wapo wauzaji wanaopima pipa kwa kilo. Lita moja ya oili ina uzito wa kiasi cha gramu 870, kwa hiyo kilo 180 ni kama lita 207. Ukidhani kilo ni lita, utaona umepunjwa lita 28 na kugombana na mtu asiye na kosa.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Mpemba hawezi kuacha gunia la karafuu kavu uani usiku mmoja wa vuli, lakini pipa la oili atalisimamisha nje miezi mitatu kwa kuwa ni chuma na limefungwa. Halijafungwa kama anavyodhani. Mchana jua hulipasha moto, oili na hewa iliyo ndani hutanuka, na hewa kidogo hutoka kupitia nyuzi za vizibo. Usiku pipa hupoa na kuvuta. Kama mvua imeacha maji juu ya mfuniko, kitakachovutwa ni maji hayo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hushuka chini, pale pale pampu inapofyonza. Kutoka hapo huingia kwenye dumu, kisha kwenye mashine.

Pipa ambalo halijafunguliwa likilazimika kukaa nje, lilazwe ubavu, vizibo viwili vikae kushoto na kulia kwa usawa mmoja, vyote vikiwa vimefunikwa na oili kwa ndani. Lililofunguliwa likae ndani, juu ya mbao, lisimame, na kila ukimaliza kupampu ukaze kizibo. Lita chache za mwisho zitie katika chupa nyeupe, zilale mpaka asubuhi, ndipo uamue.

Liko suala ambalo mafundi hawaligusi, na mabaharia wanalijua vizuri. Mafuta na oili hutolewa kwenye mauzo ya samaki kwanza, ndipo mgao ufanyike baina ya chombo na watu. Tajiri aliyenunua pipa kwa bei ya jumla atakata oili kwa bei gani? Akikata kwa bei ya chupa ya dukani, ile nafuu yote ni yake, na mabaharia wataijua siku ile ile pipa linaposhuka garini. Kwa maoni yangu, akate bei ya pipa, aongeze kidogo kwa nauli na kwa fedha zake zilizolala, na nahodha aandikiwe kila mililita iliyotoka. Pipa lenyewe litunzwe na mtu mmoja mwenye kipimo kimoja.

Mkiagiza, agizeni lifike vuli ikiisha, mwezi wa Disemba. Boti tano zitalimaliza ndani ya kaskazi, na Machi masika ikianza, kilichobaki kitatosha kwenye ndoo.