Shanga za Sabuni katika Uzi wa Polima

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa haidrokaboni unaoyakimbia. Sabuni ikiwa chache majini, molekuli zake hutawanyika mojamoja, nyingine zikijipanga kwenye uso wa maji. Ikizidi kiwango maalumu, hukusanyika katika vifundo vidogo, mikia ndani na vichwa nje. Kifundo hicho huitwa miseli. Kwa sodiamu dodesili salfeti, kemikali inayotenda kama sabuni, miseli huanza kutokea kwenye milimoli 8 hivi kwa lita, katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Kila miseli huwa na molekuli zipatazo 60.

Mambo hubadilika inapotiwa polima, yaani molekuli ndefu mfano wa uzi. Mwaka 1967 M. N. Jones alipima mvutano wa uso wa mmumunyo wenye kemikali hiyo pamoja na polietilini oksaidi. Grafu ilipinda mahali pawili: kwanza chini ya kiwango cha kawaida cha miseli, kisha juu yake. Pindo la kwanza laonyesha vifundo vikianza kushikamana na polima. La pili laonyesha polima imekwisha kushiba, na miseli huru zikafuata.

Sababu ni hii. Vichwa vya miseli vina chaji hasi, navyo husukumana. Katikati yake maji hugusa sehemu yenye mafuta. Polima hujizungusha hapo na kuziba mapengo, hivyo vifundo hupata utulivu na kuundwa mapema. Umbo lake lafanana na mkufu: vifundo ni shanga, polima ni uzi.

Polima ikiwa na chaji chanya, mvuto huwa mkubwa zaidi. Ndivyo zilivyo shampuu nyingi: zinapochanganyika na maji ya kusuuzia, polima na sabuni hujitenga pamoja na kubaki juu ya nywele, zikazilainisha.

Protini nazo ni polima. Mwaka 1970 Reynolds na Tanford walionyesha kwamba gramu moja ya protini nyingi hushika gramu 1.4 hivi za kemikali ileile. Chaji yake hufunika chaji ya protini yenyewe. Kwa hiyo umeme ukipitishwa katika jeli, protini hutengana kwa ukubwa wake. Maabara za biolojia hutegemea njia hiyo kila siku.

Basi mwanafunzi asidhani kuwa sifa za mchanganyiko ni jumla tu ya sifa za vilivyochanganywa.