Radio iko sawa, lakini pumuzi haipite



Baba yangu mudogo alifanya kazi miaka mingi kwenye mugodi huko Katanga. Alipofika pensheni, hata kupanda ngazi za kanisa kulimushinda. Tukamupeleka hospitali, wakamupiga radio ya kifua, muganga akaangalia picha na kusema: « Mapafu iko sawa. » Baba mudogo akavuta pumuzi, akajibu: « Picha iko sawa, miye siko sawa. »

Neno hilo lilinibakia kichwani. Mimi nilisoma fizike, na kila mara watu wananiuliza: fizike itakulisha nini? Basi leo nataka kuwaeleza kazi moja ya fizike inayojibu moja kwa moja neno la baba mudogo: namna ya kupiga picha ya pumuzi yenyewe.

Tuanze na radio. Radio inaonyesha umbo la mapafu. Ni kama kupiga picha ya nyumba kutoka inje: unaona kuta, lakini hujui kama watu wanaingia na kutoka. Kuna pia ile mashini ya kupuliza, ambayo inapima hewa unayoitoa. Inafaa sana, lakini inatoa hesabu moja kwa mapafu yote mawili. Haikuambie ni kona gani imefungwa.

Na IRM, ile mashini kubwa ya sumaku? Ndiyo inaonyesha ubongo na magoti vizuri kabisa. Lakini inafanya hivyo kwa kusikiliza hidrojeni iliyo ndani ya maji na mafuta ya mwili. Mapafu yamejaa hewa, maji ni kidogo. Kwa hiyo kwenye IRM ya kawaida, mapafu yanatokea karibu meusi tu.

Utasema: kwa nini tusisikilize hewa yenyewe? Hapo ndipo kuna shida. Viini vya atomu nyingi ni kama visumaku vidogo. Ukiviweka ndani ya sumaku ya IRM, vingine vinaelekea upande mumoja, vingine upande wa pili, na pande hizo mbili karibu zinalingana. Fikiria uchaguzi wa watu milioni moja ambamo washindi wanazidi kwa kura 5 tu. Ndiyo hali ya hidrojeni kwenye sumaku ya tesla 1,5. IRM inasikia hizo kura 5 peke yake; zingine zote zinafutana. Kwa maji haileti matata, sababu viini ni vingi mno. Lakini gesi iko na atomu chache kuliko maji, mara elfu kadhaa. Ukitegemea kura 5 hapo, hausikie kitu.

Sasa leza inaingia. Mufaransa Alfred Kastler, pamoja na mwenzake Jean Brossel, walionyesha Paris tangu miaka ya 1950 kwamba mwangaza unaweza kupanga atomu upande mumoja. Kastler alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1966. Kwa zenoni, ambayo ni gesi isiyochanganyika na kitu kirahisi, inafanyika hivi. Unaweka zenoni ndani ya chupa ya kioo pamoja na rubidiumu kidogo, chuma laini sana. Unapasha chupa moto mpaka rubidiumu itoe mvuke, kiisha unaimulika kwa leza ya nanometa 795, ambayo mwangaza wake unazunguka upande mumoja. Rubidiumu inapokea ule muzunguko. Zenoni ikigongana nayo, inaupokea pia ndani ya kiini chake. Ni kama habari inayopita mukono kwa mukono sokoni mpaka wote wamesikia.

Pole pole, ushindi wa kura moja au mbili katika milioni unakuwa ushindi wa 20, 30 au 40 kwa mia. Ishara inaongezeka zaidi ya mara elfu kumi. Kiisha rubidiumu inatolewa, maana si ya kuvuta, na zenoni inaingizwa ndani ya mufuko wa plastiki.

Mwaka 1994, watafiti wa Stony Brook na Princeton, akiwemo William Happer, walitoa picha za kwanza kwa njia hii: mapafu ya panya, kwa kutumia zenoni-129. Kiisha wengi walihamia heliumu-3 kwa kupiga picha za watu, sababu ishara yake ni ya nguvu zaidi. Lakini heliumu-3 inatokana na kuoza kwa tritiumu, ile ya silaha za nyuklia. Ikawa haba na bei ikapanda, na watafiti wakarudi kwa zenoni. Hii nayo ni kidogo, chini ya sehemu moja katika milioni kumi za hewa, lakini inapatikana kwenye viwanda vinavyotenganisha hewa.

Kwa mugonjwa, kazi ni fupi. Analala ndani ya mashini, anavuta gesi ya mufuko, anafunga pumuzi sekunde kama 10 au 15. Hakuna miale kama ya radio. Lakini lazima kufanya mbio: oksijeni ya mapafu inavunja ule mupango ndani ya muda mufupi, na ukivunjika haurudi. Kwenye picha, mahali penye mwangaza hewa imefika. Mahali peusi haikufika.

Zaidi ya hapo, zenoni inayeyuka, inapita utando wa mapafu na kuingia ndani ya damu. Ikiwa hewani, ikiwa kwenye utando, ikiwa ndani ya chembe nyekundu, kila mara inatoa sauti tofauti, na mashini inazitambua zote tatu. Kwa hiyo tunaona hewa ilipofika, na pia kama inavuka vizuri kwenda kwa damu. Watafiti wa Oxford na Sheffield walitumia njia hii kwa watu waliopona Covid lakini waliobaki na pumuzi fupi. Skanere zao zilikuwa karibu sawa. Zenoni ikaonyesha kwamba gesi haivuki vizuri. Picha iko sawa, miye siko sawa!

Desemba 2022, Marekani iliruhusu zenoni hii itumiwe hospitalini kuangalia namna hewa inavyoenea ndani ya mapafu, kwa watu wa miaka 12 na zaidi.

Nisiwadanganye. Hii si dawa, ni picha. Zenoni ikivutwa nyingi inaleta usingizi, kwa hiyo wanatoa kipimo kidogo, na hata hivyo mutu anaweza kusikia kizunguzungu kwa muda mufupi. Vyombo ni bei kali, na kwetu hata IRM ya kawaida ni haba. Kwa muchimbaji wa kwetu, kitu cha kwanza bado ni muganga amuulize: ulivuta vumbi miaka mingapi? Kiisha amupe ile mashini ya kupuliza.

Lakini mushike jambo hili. Kwa kuwa leza ndiyo inapanga viini, inje ya mashini, sumaku kubwa na ghali si lazima tena kama zamani. Watafiti wamekwisha kupiga picha hizi kwa sumaku dhaifu. Kwa inchi kama yetu, huo ndio mulango wa kuangalia.

Kastler alikuwa anachunguza mwangaza na atomu, hakuwa na mugonjwa wa mapafu mbele yake. Musomaji wa fizike akiulizwa tena masomo yake yatamulisha nini, amujibu kwa upole kwamba kuna mutu mahali fulani ambaye pumuzi yake haipite, na hakuna bado anayemuamini.