Mwanya wa mtoto: Usikimbilie kuuziba kwa rababendi

Mwanya una wapenzi wake. Wapo wanaouhesabu kuwa urembo, na wapo wanaojivunia kuurithi kwa bibi au baba. Lakini mtoto akianza kutaniwa shuleni, mzazi naye huanza kutafuta namna ya kuuziba. Hapo ndipo makosa hutokea: wengine huanza matibabu mapema mno, na wengine hufuata video za mitandaoni zinazofundisha kuyafunga meno mawili kwa rababendi mpaka yakutane.

Tazama umri kwanza

Kwa mtoto mwenye meno ya utoto, nafasi kati ya meno ni jambo jema. Meno ya mbele ya ukubwani ni mapana zaidi, nayo yatahitaji nafasi hiyo.

Meno mawili ya mbele ya juu ya ukubwani huota kwa kawaida kati ya miaka 7 na 8. Mara nyingi hutoka yakiwa yameachana. Mwaka mmoja hivi baadaye hufuata yale ya pembeni yake, kisha chonge za juu katika miaka 11 hadi 12. Chonge zinaposhuka, huyasukuma meno ya mbele yakasogeleana. Ndiyo maana mwanya mdogo, wa milimita 2 au pungufu, mara nyingi hujifunga wenyewe. Kuuwahi kwa matibabu mtoto akiwa na miaka 8 huenda ikawa ni kulipia kazi ambayo mwili ungeifanya bure.

Chanzo hutofautiana

Mwanya usipofunga, huwa kuna sababu. Meno yanaweza kuwa madogo kuliko taya, au meno ya pembeni hayakuota kabisa. Pengine kuna jino la ziada lililojificha ndani ya mfupa, ambalo huonekana kwa eksirei tu. Kwa wengine, mkunjo wa nyama unaounganisha mdomo wa juu na ufizi umeshuka hadi katikati ya meno. Kunyonya kidole kwa miaka mingi nako husukuma meno mbele na kuyaachanisha.

Yapo pia mapengo yanayoletwa na mikono ya watu. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania na Uganda, mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha huchanwa ufizi ili kutoa kinachoitwa “meno ya plastiki”. Kinachotolewa ni jino la kawaida la utoto ambalo bado halijaota, mara nyingi chonge. Kitendo hicho huweza kuharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake, mbali na kumwachia mtoto kidonda na maambukizi. Homa na kuharisha hutibiwa hospitali.

Tiba zilizopo

Nyaya za meno huyasogeza meno taratibu, kwa miezi kadhaa au zaidi. Zikitolewa, mtoto huvaa kifaa cha kuyashikilia meno, la sivyo mwanya hurudi. Iwapo tatizo ni ule mkunjo wa nyama, daktari anaweza kuukata, lakini kwa kawaida husubiri chonge ziote.

Kwa meno madogo, daktari huweza kuongezea upana kwa dawa ya kujazia yenye rangi ya jino. Kazi hiyo humalizika haraka, ila dawa hubadilika rangi au kumeguka na kuhitaji marekebisho. Ganda jembamba la kauri hudumu zaidi, lakini mara nyingi jino hukwanguliwa kwanza, na kilichokwanguliwa hakirudi. Hilo ni jambo la watu wazima.

Hatari ya rababendi

Mzizi wa jino huchongoka kuelekea juu kama karoti iliyopinduliwa. Rababendi ikivalishwa kwenye meno mawili ya juu huteleza, ikaingia chini ya ufizi na kupanda kwenye mizizi huku ikiharibu mfupa unaoyashika. Mzazi akiona haipo, hudhani imedondoka. Baada ya muda ufizi huvimba, meno hulegea, na mtoto anaweza kuyapoteza yote mawili. Alitafuta kuziba mwanya, akaishia na pengo la maisha.

Ikiwa mtoto amewahi kufungwa rababendi na haijulikani ilikokwenda, apelekwe kwa daktari wa meno leo, na daktari aelezwe wazi. Eksirei inaweza isiionyeshe.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri miaka 12 ikiwa mwanya ni mpana sana, jino moja la mbele limeota na mwenzake amechelewa zaidi ya miezi sita, au meno yaliyokuwa yamekaribiana yanaanza kuachana. Kwa mtu mzima, meno yanayoanza kuachana huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa fizi, nao hutibiwa kabla ya kufikiria nyaya.

Na ikiwa daktari amesema meno ni mazima na mtoto mwenyewe anaupenda mwanya wake, hakuna cha kutibu. Mwache acheke.