Ukungu wa Mahindi Nao Huoana

Aghalabu mwanafunzi huambiwa kwamba ukungu wa mahindi huzaana pasipo kujamiiana: hutoa spora maelfu kwa maelfu, na kila spora ni nakala ya mzazi wake. Kauli hiyo si uongo, ila haijakamilika.

Mnamo 2009 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba Aspergillus flavus, kuvu inayotengeneza sumu ya aflatoksini, huweza pia kujamiiana. Haina dume wala jike. Ina aina mbili, na kila aina huzaa na ile nyingine tu. Zikikutana huchanganya jeni, na spora changa hukomaa kwa miezi kadhaa ndani ya vidonge vigumu vyeusi.

Je, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Leo wapo wakulima wanaotia shambani kuvu ya jamii iyo hiyo isiyo na sumu, ili iishinde yenye sumu. Mbinu hiyo naiunga mkono. Hata hivyo, viumbe wachanganyao jeni huweza kuzaa watoto wasiofanana nao. Wataalamu hawana budi kuyachunguza mashamba mwaka baada ya mwaka.

Walimu wenzangu, tulifundishe somo hili kwa ukamilifu. Mwanafunzi akijua kwamba adui hubadilika, atafahamu pia kwa nini tunasisitiza mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kutiwa ghalani. Mahindi makavu hayampi ukungu nafasi, awe wa aina yoyote.