Usanifu na Tathmini ya Violesura vya Kitaswira vya Utafutaji wa Mtandaoni kwa Watumiaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kusanifu na kutathmini violesura vya utafutaji wa mtandaoni vinavyotumia taswira na mwingiliano, kwa kumzingatia mtumiaji anayetafuta taarifa kwa Kiswahili katika Afrika Mashariki na Kati. Hoja kuu ni kwamba, kwa mtumiaji huyu, taswira ina manufaa makubwa zaidi inapomwonesha maneno kuliko inapomwonesha hati: maumbo ya neno, maana zake na visawe vyake vya kieneo. Aidha, makala inasisitiza kwamba kiolesura cha aina hiyo kipimwe kwa kazi zilizokamilishwa na watumiaji wa kawaida wa nchi mbalimbali, si kwa uzuri wa skrini.

1.0 Utangulizi

Hadhi ya Kiswahili katika nchi za eneo hili imepanuka kisheria na kisera. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikiridhia kuwa lugha yake ya kazi. Hatua hizi zinaleta wajibu: taasisi ya umma inayotangaza huduma kwa Kiswahili haina budi kuhakikisha kwamba mwananchi anaweza kuipata huduma hiyo kwa Kiswahili.

Kutafsiri kurasa za tovuti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imo katika kisanduku cha utafutaji. Mtu anayeandika neno na kujibiwa kuwa hakuna matokeo hana namna ya kujua kama taarifa haipo, kama tovuti inatumia neno jingine, au kama mfumo haukulitambua umbo aliloliandika. Akijua Kiingereza au Kifaransa, anaweza kujaribu kwa lugha hiyo. Asipojua, ataondoka mikono mitupu. Katika hali zote mbili, Kiswahili kitakuwa kimeonekana hakifai kwa kazi iliyokusudiwa, ilhali kasoro imo katika usanifu.

2.0 Historia Fupi na Funzo Lake

Kiolesura cha utafutaji ni sehemu ya mfumo ambamo mtumiaji huuliza, huyaona matokeo, hurekebisha swali lake na hatimaye huchagua. Mary Bates alionesha mwaka 1989 kwamba hatua hizi hazifuatani kwa mstari mnyoofu: mtafutaji ni kama mchumaji wa matunda mwituni, hupata kidogo hapa na kidogo pale, na swali lenyewe hubadilika njiani. Mwaka 2006 Gary Marchionini alitofautisha kutafuta jibu mahususi, kutafuta kwa lengo la kujifunza na kutafuta kwa lengo la kuchunguza. Mtu anayetaka namba ya simu ya ofisi hahitaji taswira yoyote. Anayetaka kuelewa masharti ya kumiliki ardhi huhitaji kuiona mandhari nzima kabla ya kuingia ndani. Kwa hali hii ya pili, Ben Shneiderman alipendekeza mwaka 1996 mfuatano unaorejelewa hadi leo: kwanza mwonekano wa jumla, kisha kukuza na kuchuja, kisha undani pale unapohitajika.

Mifumo mingi imejaribu kuitekeleza rai ya namna hiyo. Scatter/Gather ya mwaka 1992 ilizipanga hati katika mafungu na kumruhusu mtumiaji kuyachagua na kuyapanga upya. TileBars, iliyobuniwa na Marti Hearst mwaka 1995, ilichora kando ya kila hati mstatili wenye vyumba vilivyokolezwa rangi kulingana na mahali maneno ya swali yanapojitokeza. KartOO ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 2001, ilionesha matokeo kama ramani ya duara zilizounganishwa, na Grokker ya Marekani ilipanga duara ndani ya duara. Grokker ilifungwa mwaka 2009 na KartOO mwaka 2010, lakini orodha ya maandishi bado ipo.

Kufungwa kwa huduma ya kibiashara huwa na sababu nyingi, lakini udhaifu wa kiusanifu wa ramani hizo unaweza kuelezwa. Vichwa vya kurasa vilivyotawanywa huku na huku ni vigumu kusomwa kwa haraka kuliko vilivyopangwa katika safu. Isitoshe, umbali baina ya duara mbili haukuwa na maana ambayo mtumiaji angeweza kuitaja kwa jina.

Linganisha na Flamenco, mfumo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2003. Huo uliwaonesha wanafunzi 32 wa historia ya sanaa mkusanyo wa picha 35,000 uliopangwa kwa vigezo wanavyovifahamu, kama vile mahali, kipindi na malighafi. Asilimia 90 waliupendelea kuliko kiolesura cha kawaida, na asilimia 97 walisema uliwasaidia kuujua zaidi mkusanyo huo. Funzo ni kwamba taswira hufaa pale kila kinachoonekana kinapobeba maana ambayo mtumiaji tayari anayo. Kwa mtumiaji wa Kiswahili, maana hiyo huanzia katika neno.

3.0 Kuyaonesha Maneno

3.1 Maumbo

Mapendekezo yanayojitokeza mtumiaji anapoandika, ambayo Google iliyajaribisha hadharani kuanzia mwaka 2004, kwa kawaida hutegemea herufi za mwanzo. Katika Kiingereza mwanzo wa neno mara nyingi ndio unaobeba maana yake ya msingi. Katika Kiswahili mwanzo hubeba sarufi: ngeli, nafsi, wakati, ukanushi. Anayeandika herufi za kwanza za kusajili, wamesajiliwa au asiyesajiliwa bado hajaufikia mzizi, na mfumo hauna la maana la kumpendekezea. Vilevile, ukurasa wenye neno ndimi hautapatikana kwa ulimi, wala wenye meno kwa jino, iwapo mfumo unalinganisha herufi tu.

Kukata viambishi kwa pupa si suluhisho. Kanuni inayoondoa ku- mwanzoni mwa kila neno italiharibu neno kuta, ambalo ni wingi wa ukuta. Uchanganuzi wa kimofolojia wa kuaminika unahitajika, nao si jambo jipya: kazi ya Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, iliyoanza miaka ya 1980, imethibitisha kwamba maumbo ya Kiswahili yanaweza kuchanganuliwa na kompyuta kwa mapana. Hata hivyo, uchanganuzi pekee hautoshi. Usajili ni shughuli, msajili ni mwenye cheo, na asiyesajiliwa ni kinyume cha aliyesajiliwa. Kiolesura kinachoyaunganisha yote kimyakimya humletea mtumiaji mchanganyiko asiouelewa. Inapendekezwa kwamba familia ya neno ioneshwe kama vitufe vichache chini ya kisanduku, kila kimoja kikiwa na idadi ya kurasa zake, na mtumiaji abofye anachokihitaji.

3.2 Maana

Neno kodi linaweza kumaanisha malipo yatozwayo na serikali au malipo ya pango la nyumba. Neno kata ni eneo la utawala nchini Tanzania, ni kitenzi, na ni chombo cha kuchotea maji. Orodha moja inayochanganya maana hizi humlazimisha msomaji kupekua. Mafungu mawili au matatu yenye vichwa vinavyoeleweka, kwa mfano "kodi: malipo kwa serikali" na "kodi: pango la nyumba", humwonesha mara moja kwamba swali lake lina njia mbili. Vichwa hivyo viandikwe na wanaleksikografia. Vikiachiwa mashine ivitunge kwa kuhesabu maneno yanayojirudia, hatari ni kupata vichwa ambavyo si vya kweli wala vya uongo, bali havieleweki.

3.3 Tofauti za kieneo

Anayetafuta pasipoti na anayetafuta hati ya kusafiria wanataka kitu kimoja. Neno mganga nchini Tanzania limo katika vyeo rasmi vya utabibu, kama vile Mganga Mkuu wa Serikali, ilhali kwa wazungumzaji wengi kwingineko humwelekeza msikilizaji kwa mtaalamu wa dawa za jadi. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, munganga ni daktari, na watoto huweza kuwa batoto.

Mifumo mingi hulijibu neno isiyolitambua kwa kuuliza iwapo mtumiaji alikusudia neno jingine. Swali hilo humchukulia mzungumzaji wa Bukavu kuwa amekosea. Njia bora ni kuonesha visawe katika ukanda mmoja wenye maneno "pia huitwa", kila kisawe kikiwa na alama ya eneo lake, na kumwachia mtumiaji uamuzi wa kukijumuisha au kukiacha. Namna hii lugha sanifu hujifunzwa bila lahaja kudharauliwa.

3.4 Kifaa

Mapendekezo haya hayahitaji skrini pana. Vitufe, mafungu na ukanda wa visawe ni maandishi, hivyo huonekana vizuri kwenye simu ndogo na hutumia data kidogo kuliko ramani zenye michoro. Rangi isibebeshwe maana peke yake, kwa sababu wapo wasioweza kuzitofautisha baadhi ya rangi, na kioo cha simu juani hufifisha kila kitu.

4.0 Tathmini

Utamaduni wa kutathmini utafutaji ulijengwa na majaribio ya Cranfield, Uingereza, yaliyoongozwa na Cyril Cleverdon katika miaka ya 1960. Hupimwa usahihi, yaani sehemu ya hati zilizoletwa ambazo kweli zinafaa, na ukamilifu, yaani sehemu ya hati zifaazo ambazo zimeletwa. Vipimo hivi huitathmini injini, lakini havisemi lolote kuhusu mtu aliyeketi mbele yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 huongeza mambo matatu: je, mtumiaji alilifikia lengo, kwa gharama gani ya muda na juhudi, na je, aliridhika?

Katika kuvitumia vigezo hivi kwa Kiswahili, mambo manne yanastahili uangalifu.

Kwanza, maelezo ya kazi yasitaje neno la kutafutia. Mshiriki akiambiwa "tafuta gharama ya pasipoti", ataliandika neno hilohilo, na jaribio litakuwa limeificha tofauti iliyokusudiwa kupimwa. Afadhali apewe hali: ndugu yako anaoa nchi jirani mwezi ujao, nawe hujawahi kuvuka mpaka, tafuta unachopaswa kuwa nacho na gharama yake.

Pili, kiolesura kipya kilinganishwe na orodha ya kawaida inayotumia injini ileile na hati zilezile, na mpangilio wa kuvitumia ubadilishwe baina ya washiriki. Injini na kiolesura vikibadilishwa kwa pamoja, haitajulikana ni kipi kilichosaidia.

Tatu, namba zifasiriwe kwa tahadhari. Muda mrefu ni hasara kwa anayetafuta namba ya simu, lakini kwa anayejifunza unaweza kuwa dalili ya kuvutiwa. Kipimo kimoja kinafaa kuongezwa katika mazingira yetu: ni mara ngapi mshiriki alikiacha Kiswahili na kuuliza kwa lugha nyingine, na katika hatua ipi.

Nne, hojaji zitafsiriwe kwa majaribio. Hojaji ya SUS, iliyobuniwa na John Brooke mwaka 1986, ina kauli 10 zinazopishanisha sifa nzuri na mbaya, na alama zake hukokotolewa kuanzia 0 hadi 100. Kauli hasi ikitafsiriwa vibaya, mshiriki "hukubali" jambo ambalo alitaka kulikataa, na alama yote hupotoka. Zaidi ya hayo, adabu humfanya mgeni asimvunje moyo mwenyeji wake. Kwa hiyo msanifu asiwe ndiye anayehoji.

Washiriki nao wasiwe wanafunzi wa Kiswahili peke yao. Mfumo uliofaulu Dar es Salaam haujathibitishwa kwa mtumiaji wa Kampala, Bujumbura au Goma mpaka ujaribiwe huko.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeeleza kwamba taswira katika utafutaji hufaa inapobeba maana anayoifahamu mtumiaji, na kwamba katika Kiswahili maana hiyo imo katika maumbo, maana na visawe vya maneno. Kwa watunga sera, mapendekezo ni matatu. Zabuni za tovuti za umma ziwe na sharti la utafutaji unaotambua mofolojia ya Kiswahili, sambamba na sharti la tafsiri. Asasi za ukuzaji wa lugha zishirikiane kuandaa orodha ya wazi ya visawe vya kieneo katika istilahi za huduma za umma. Mwisho, taasisi ziyahifadhi maswali yaliyokosa majibu na kuyapitia mara kwa mara, baada ya kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeuliza, kwa kuwa mtu huandika katika kisanduku hicho maradhi na madeni yake. Maswali hayo yanaonesha, neno kwa neno, ni wapi lugha ya ofisi na lugha ya wananchi bado hazijakutana.